Mshahara, Pingu, Mfumo au Ubao: Ukitaka Kupunguza Rushwa, Uanze na Kipi?

Faini ya kosa moja la barabarani Tanzania ni shilingi 30,000. Dereva wa daladala aliyesimamishwa kwa taa mbovu hahitaji kikokotoo. Akikunja noti ya 5,000 ndani ya leseni, 25,000 imebaki mfukoni mwake, askari amepata yake, abiria hawakuchelewa, na aliyepunjwa ni Hazina, ambayo haipo pale barabarani kulalamika.

Mama mjamzito anayeambiwa wodini kwamba glovu zimekwisha "ila zinaweza kupatikana" yuko katika jambo jingine kabisa. Hagawani faida na mtu. Ananyang'anywa, anajua ananyang'anywa, na akishajifungua salama akapata pa kusemea, atasema.

Zote mbili tunaziita rushwa. Zote zinaangukia katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Na kwa kuwa jina ni moja, tumezoea kuzitafutia dawa moja. Lakini namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, 113, inayomfaa yule mama, kwa dereva haina kazi. Nani apige? Sheria inamtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji. Dereva apige simu ajishtaki?

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya shule kwa miaka kadhaa, na kila kikao cha kata kinachogusa rushwa huishia kwenye hoja nne zilezile. Mmoja atasema waongezewe mishahara. Mwingine: wafungwe. Kijana atasema wekeni kila kitu kwenye mfumo. Mzee mmoja, mara nyingi yule aliyenyamaza tangu asubuhi, atauliza kwa nini hesabu hazibandikwi ukutani. Kila hoja ina ukweli wake, ila hazitibu ugonjwa mmoja, na fedha na muda wa kuzifanya zote kwa mkupuo hatuna.

Kwanza, ni rushwa gani?

Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996, iliwagawa wala rushwa mafungu mawili: wa chini, wanaopokea kwa sababu kipato hakiwafikishi mwisho wa mwezi, na wa juu, wenye cha kutosha lakini wasiotosheka. Vijiweni mgawanyo huo umebaki kwa majina ya dagaa na papa. Unasaidia, ila unamtazama mpokeaji tu. Mimi humtazama pia mtoaji na kuuliza: huyu ni mhanga au mshirika? Ukilijibu swali hilo, nusu ya uchaguzi wa dawa umeshafanyika.

Njaa inaeleza kidogo kuliko tunavyodhani. Watumishi wawili wa daraja moja, mshahara mmoja, mmoja anakaa masjala na mwingine anapima viwanja. Wa masjala anakopa nauli, wa viwanja anajenga. Tofauti yao ni meza. Penye mlango mmoja, mwenye ufunguo mmoja, anayeweza kusema "ndiyo" au "njoo wiki ijayo" bila kuulizwa na yeyote, rushwa itaota hata ukimweka shekhe au mchungaji. Lugha yetu yenyewe imeshalizoea jambo hilo: "penye udhia penyeza rupia" ni methali tunayofundishana bila aibu.

Halafu kuna deni. Mgombea aliyetumia fedha kuupata udiwani au ubunge anaingia ofisini akiwa na hesabu ya kurudisha. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", yaani pilau, kanga na soda kwa wapiga kura kwa jina la ukarimu. Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 baada ya mashirika ya haki za binadamu kuipinga. Neno lilifutwa kwenye sheria, pilau halikufutwa kwenye kampeni. Ongeza na ukoo: mtu akiteuliwa leo, kesho kadi za michango ya harusi zimejaa mezani, na zote zimeandikwa kiwango cha "mheshimiwa".

Na tusisahau kwamba hapo zamani kulikuwa na uzio. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Huko Zanzibar mwaka 1991 CCM ililegeza miiko hiyo. Sisemi tuirudishe kama ilivyokuwa, maana miiko hiyo ilikuwa na unafiki wake, nyumba zikiandikwa majina ya shemeji. Lakini tangu uzio ulipoondoka, anayetoa zabuni na anayeipata wanaweza kuwa meza moja ya chakula cha jioni, na hilo halina uhusiano wowote na njaa.

Mshahara: dawa ya pili, si ya kwanza

Hoja ya mshahara ina heshima yake. Mei Mosi 2025 Tanzania ilitangaza kupandisha kima cha chini cha mtumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Anayelipwa 370,000 huku amepanga chumba Dar es Salaam na ana watoto watatu shuleni hatakiwi kuhubiriwa uadilifu na mtu aliyeshiba. Nyongeza ile ilikuwa haki yake, iwe inapunguza rushwa au haipunguzi.

Je, inapunguza? Ghana walijaribu bila kukusudia. Mwaka 2010 mishahara ya polisi ilipandishwa karibu mara mbili, ya watumishi wengine wa barabarani haikuguswa. Kwa bahati nzuri kulikuwa na watu waliokuwa wakiandika, safari kwa safari, malori yanayopita njia kuu za Afrika Magharibi yalitoa nini kwenye kila kizuizi. Watafiti wakalinganisha polisi wa Ghana na maafisa wa forodha wa Ghana pamoja na polisi wa Burkina Faso, ambao hawakupata nyongeza. Polisi walioongezewa walidai zaidi, si pungufu. Mshahara ulipanda, vizuizi vikabaki vilevile, msimamizi yuleyule, na hadhi mpya ilitaka bei mpya.

Watetezi wa mshahara hupenda kuitaja Singapore. Sawa, ila waitaje kwa mpangilio wake. Ofisi ya kuchunguza rushwa ilianzishwa 1952, sheria kali ikaja 1960, na ule utaratibu maarufu wa kuoanisha mishahara ya mawaziri na ya sekta binafsi ni wa 1994. Walilipa vizuri ofisi ambayo tayari walikuwa wameifunga milango ya nyuma. Sisi tunataka kuanzia mwisho.

Pingu: kelele nyingi, mashahidi wachache

Hii ndiyo dawa inayopendwa na umma, na naelewa kwa nini. Kuona kigogo anapanda ngazi za mahakama kunaburudisha roho.

Lakini tazama historia ya vyombo vyenyewe. Tanzania: Kikosi cha Kuzuia Rushwa mwaka 1975, kikawa Taasisi ya Kuzuia Rushwa mwaka 1991, kikawa TAKUKURU mwaka 2007. Kenya: mamlaka ya kwanza ilivunjwa na mahakama mwaka 2000 kwa kukiuka katiba, ikaja tume mpya kwa sheria ya 2003, kisha EACC mwaka 2011 chini ya katiba mpya. Majina yanabadilika kila kizazi. Vyombo hivyo hufanya kazi ya kweli, na wapo wachunguzi wazuri sana ndani yake, lakini ugumu wao haupo kwenye jina. Upo kwenye ushahidi, na kwenye nani mwenye ruhusa ya kupeleka kesi mahakamani. Kwa Tanzania kesi nyingi za rushwa zinahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Ofisi moja inachunguza, nyingine inaamua.

Ushahidi ndio kikwazo kikubwa zaidi. Turudi kwa dereva. Pale barabarani palikuwa na watu wawili wanaojua, na wote wawili wana kosa. Kwa rushwa ya kunyang'anywa una mlalamikaji, unaweza kumpa noti zilizowekwa alama, ukamkamata mtu mkono kwenye bahasha. Ndiyo maana mitego hunasa sana watendaji wa kijiji, makarani na walimu. Kwa rushwa ya kugawana hakuna bahasha. Kuna mkataba uliosainiwa vizuri, wenye bei iliyopandishwa, na asilimia kumi inayosafiri kwa njia ambayo haipiti kaunta.

Ukitaka kuona ugumu huo, itazame kesi ya rada. Tanzania ilinunua rada ya kijeshi kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa takriban pauni milioni 28. Baada ya miaka ya uchunguzi, mwaka 2010 mahakama ya Uingereza iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000. Kosa lililokubaliwa? Kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu. Neno rushwa halikuwemo. Kampuni ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, zikaenda kwenye vitabu na madawati. Vitabu tumesoma, na tunashukuru, lakini kwa mtu anayeamini pingu hiyo ni hadithi ya kumfikirisha.

Hata matukio makubwa ya ndani hayakuanzia kwa pingu. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge kusoma ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, huku akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Sakata la akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014, la zaidi ya shilingi bilioni 300, liliibuliwa na Bunge, ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na magazeti. Kilichosukuma mambo ni karatasi zilizosomwa hadharani.

Hong Kong ndio mfano wa pingu zilizofanya kazi, na nina sababu ya kuutaja. Tume yao ya mwaka 1974 ilikuwa na mikono mitatu tangu siku ya kwanza: mmoja wa kukamata, mmoja wa kuzipitia taratibu za ofisi na kuziba mianya, mmoja wa kukaa na wananchi mitaani. Polisi walikasirika mpaka mwaka 1977 wakavamia ofisi za tume, na gavana akalazimika kusamehe makosa mengi ya kabla ya mwaka huo. Msamaha ule uliuma, lakini tume ikabaki na ikaendelea. Sisi tumeiga mkono wa kwanza, na ule wa tatu kidogo, kwa fulana na mabango. Mkono wa kati, wa kuingia ofisini na kuuliza "kwa nini fomu hii ina sahihi saba?", ndio dhaifu kuliko yote.

Mfumo: huua noti, hauui makubaliano

Hapa nitasifu kwanza. Tanzania ilipoanza mwaka 2017 kukusanya malipo ya serikali kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kitu kikubwa kilitokea bila kelele. Mtu aliyekuwa akipokea fedha mkononi na kuandika stakabadhi, mara nyingine stakabadhi mbili, aliondolewa katikati. Kenya walifungua vituo vya Huduma kuanzia Novemba 2013, kisha eCitizen ikaleta leseni na vyeti kwenye simu. Rwanda wana Irembo, mfumo wao wa huduma za serikali mtandaoni, tangu 2015. Mkenya aliyewahi kutafuta pasipoti zamani na kuitafuta baadaye anajua "chai" ngapi zimekufa hapo.

Mfumo una faida nyingine isiyosemwa sana: unaweza kulinganisha orodha na orodha. Mwaka 2016 uhakiki wa watumishi hewa Tanzania uliibua maelfu ya majina yanayolipwa bila kuwa na watu. Mwaka 2017 vyeti vilipolinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Hakuna mtego wa bahasha ungeweza kukamata idadi hiyo. (Kwamba miongoni mwao walikuwemo waliofanya kazi vizuri miaka 20 ni mjadala mwingine, na wenye uchungu.)

Sasa lawama. Kuna ofisi moja, sitaitaja, niliyoifuata mara tatu kwa nakala ya hati. Mara zote tatu jibu lilikuwa "mtandao uko chini". Mara ya tatu kijana aliyekaa nje na kompyuta yake chini ya mwembe akaniambia kwa upole kwamba kwake mtandao upo. Huyo ni kishoka wa zama mpya. Ada ya serikali nililipa kwa namba ya malipo, safi kabisa, senti haikupotea. Ya kijana ilikuwa mara mbili yake, na sina shaka aligawana na mtu aliyekuwa ndani. Mfumo ulikuwa umeua noti ya kaunta, foleni ikabaki, na anayeimiliki foleni ndiye anayeuza.

Juu zaidi mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 2015 shilingi milioni 791 za Kenya zilitoka katika Huduma ya Vijana kwa Taifa kupitia IFMIS, mfumo uleule uliowekwa kulinda fedha za serikali, kwa kutumia nywila za watumishi. Katika halmashauri za Tanzania, CAG amerudia mwaka baada ya mwaka kuandika kuhusu ushuru uliokusanywa kwa mashine za POS na haukufika benki. Mashine imetoa risiti, mkusanyaji hajapeleka. Na tangu 2023 zabuni za umma Tanzania zinapita katika mfumo wa mtandao wa NeST, hatua nzuri, lakini mfumo unaona bei iliyoandikwa, hauoni kikao cha hotelini kilichopanga nani aandike bei gani.

Ubao: dawa ya bei rahisi inayodharauliwa

Uganda miaka ya 1990 mwanzoni serikali kuu ilikuwa ikituma ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi kupitia wilaya. Kwenye vitabu vya Kampala fedha zilikuwa zimekwenda. Watafiti wakazunguka shule 250 na kuuliza kila moja imepokea nini. Kwa miaka ya 1991 hadi 1995, wastani uliofika ulikuwa asilimia 13.

Serikali haikuunda tume. Ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya kila mwezi, na kuzitaka shule zibandike walichopokea mahali pa wazi. Kufikia 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80.

Lazima niwe mkweli: wapo wachumi waliosema baadaye kwamba magazeti yamepewa sifa kupita kiasi, kwa kuwa katika miaka hiyohiyo kulikuwa na mageuzi mengine ya elimu na fedha za ruzuku zenyewe ziliongezeka. Nakubali. Lakini kati ya yote yaliyofanyika, kubandika karatasi ndilo jambo ambalo kamati ya shule yoyote inaweza kulifanya Jumatatu bila kuomba kibali.

Tanzania tuna nafasi nzuri zaidi ya ile ya Uganda. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kinajulikana: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 25,000 kwa sekondari, ingawa si yote hufika shuleni kama fedha, sehemu huja kama vitabu. Mzazi mwenye kalamu anaweza kupiga hesabu ya shule nzima nyuma ya daftari. Sheria ya serikali za mitaa nayo inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Kusomwa, si kutajwa. Kuna vijiji ambako mwenyekiti husema "mapato yalikuwa mazuri" na ajenda inafungwa.

Udhaifu wa ubao uko wazi. Hauna meno. Unahitaji msomaji, na msomaji anayeweza kuinua mkono mbele ya mtendaji anayesaini barua yake ya utambulisho kesho. Sheria ya ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015, lakini kijijini ulinzi ni jirani atakayesimama pamoja nawe. Pia ubao hausikii harufu ya zabuni: ukibandika kwamba darasa limejengwa kwa milioni 25, anayejua kama darasa lile ni la milioni 15 ni fundi, na fundi yuko upande wa malipo.

Ziweke pamoja

| | Inafaa zaidi | Inaposhindwa | Nani anaweza kuianza |
|---|---|---|---|
| Mshahara | Kada za chini zenye usimamizi mzuri tayari | Barabarani, ardhi, zabuni | Serikali kuu tu |
| Pingu | Rushwa ya kunyang'anywa, yenye mlalamikaji | Rushwa ya kugawana, vigogo | TAKUKURU, EACC, wewe kwa taarifa |
| Mfumo | Ada, leseni, faini, orodha za watumishi | Foleni, nywila, makubaliano ya pembeni | Wizara, halmashauri, mkuu wa ofisi |
| Ubao | Ruzuku, michango, miradi midogo | Mikataba mikubwa, sehemu zenye hofu | Mtu yeyote mwenye karatasi na gundi |

Jedwali linadanganya kidogo, kama majedwali yote. Linafanya ionekane kana kwamba unachagua mstari mmoja. Kwa kweli swali ni uanze na upi, na jibu linategemea uko wapi.

Ukiwa mkuu wa ofisi inayotoa huduma, anza na mfumo, lakini usiishie kwenye malipo. Weka foleni nayo kwenye mfumo: maombi yahudumiwe kwa tarehe ya kuingia, na anayelirukisha ombi aache jina lake. Punguza sahihi. Fomu yenye sahihi saba ina mageti saba, na ukiondoa manne umepunguza rushwa kuliko semina yoyote ya maadili. Bango la "Ofisi hii haina rushwa" litoe, mahali pake weka bango la bei na siku: huduma fulani, shilingi kadhaa, siku kadhaa.

Kama wewe ni diwani, usianze na jambo ambalo serikali kuu ndiyo inaliamua. Mshahara huwezi kuupandisha. Unachoweza ni kudai kwenye baraza orodha ya kila mashine ya POS, nani anaishika, ilitoa risiti za kiasi gani na benki kilifika kiasi gani, wiki kwa wiki. Hoja za CAG kwa halmashauri yako zipo kwenye ripoti, wala huhitaji kuwa mhasibu. Nimewahi kumwona diwani mmoja, fundi cherehani kwa kazi, akiuliza swali moja tu kuhusu mashine mbili zilizokuwa kimya miezi mitatu. Baraza zima likaanza kutafuta miwani.

Kwa mwananchi anayedaiwa, tofauti ya mwanzoni ndiyo ya kushika. Unanyang'anywa haki yako? Hapo pingu zinafaa: nyamaza, usibishane, toa taarifa kabla ya kutoa fedha, maana mtego unahitaji fedha ambayo haijatoka. Rushwa ya ngono iingie hapahapa. Sheria ya 2007 inaitaja katika kifungu cha 25, na mwanafunzi au mwomba kazi anayedaiwa mwili ni mhanga, wala asikubali kuambiwa kwamba "walikubaliana". Lakini kama ni wewe unayetaka kukwepa faini ya 30,000, hakuna chombo kitakachokusaidia, na makala hii haiwezi pia.

Kwa mikataba mikubwa sioni njia ya mkato. Huko zinahitajika dawa tatu kwa pamoja: mfumo unaoacha nyayo, mkaguzi anayezisoma, na mwendesha mashtaka asiyesubiri simu. Mahakama Kuu ya Tanzania ina divisheni ya rushwa na uhujumu uchumi tangu 2016, kwa mashauri ya kuanzia shilingi bilioni moja. Chombo kipo. Ningepewa kuongeza kitu kimoja tu, ningeomba mikataba yenyewe iwekwe wazi pamoja na majina ya wamiliki halisi wa kampuni zinazoshinda, ili shemeji aonekane mapema.

Kwa kamati za shule na serikali za vijiji, ambako mimi niko, sina kigugumizi: ubao. Lakini ubao wenye namba nne, si arobaini. Kilichoingia na tarehe yake. Kilichotumika, kwa nani. Kilichobaki benki. Tarehe ya mkutano ujao. Ukijaza karatasi kwa vifungu vya bajeti, umeficha kwa kubandika.

Karatasi yetu ya kwanza ilichanwa usiku wa pili. Tulibishana sana nani kaichana. Ya tatu tuliibandika kwa ndani, kwenye kioo cha duka la vocha lililo mbele ya geti la shule, mwenye duka akakubali kwa sharti kwamba tuandike kwa herufi kubwa, kwa sababu wateja wake walikuwa wanaegemea kaunta muda mrefu wakisoma.